Duara la Mwenyewe

Mume wangu alininunia siku tatu kwa sababu ya kompyuta, na kosa wala si langu.

Niliandika riwaya. Ni habari za Zaituni, mke wa mtu hapa Kigombe, na asiyejua kwamba Zaituni ni mimi, basi hanijui. Mume wangu hakuisoma hata ukurasa mmoja, ila barazani alikwishatangaza kwamba yumo, tena kwa wingi. Wee! Utadhani bwana harusi.

Akaja likizo binti yetu Shadya, anayesomea kompyuta. Akatengeneza programu ya kupekua riwaya nzima na kuchora nani anazungumza na nani. Kila jina lina duara lake, na waliozungumza wanaungwa kwa mstari. Anayetajwa sana, duara lake linanenepa.

Tukakaa watatu kutazama. Zaituni katikati, sawa. Ubavuni mwake, limeumuka kama andazi, duara la Mselem muuza samaki, na mstari mnene baina yao. Mume wangu akavaa miwani. Akatafuta juu, akatafuta chini.

"Mimi niko wapi?"

"Baba, wewe hupo," akasema Shadya.

Jamani! Alisusa hata chai. "Miaka thelathini na moja," akawa anauambia ukuta, "leo nashindwa na muuza vibua!" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikaona machozi yanamlenga kweli, nikaingiwa na huruma.

Siku ya tatu nikamkalisha Shadya. "Hebu nambie, programu yako inatafuta nini?"

"Majina, mama."

"Na mimi baba yako nimemtaja jina lini? Zaituni naye hamtaji wake. Mwenyewe hajarudi, mwenyewe ana homa, mwenyewe kasema hivi. Na huyo Mselem anaitwa kila siku kwa ajili ya kitoweo cha nani?"

Shadya akajipiga kofi kwenye paji la uso. Alishinda asubuhi nzima akiielekeza programu ni wapi "mwenyewe" ni mume. Kisha tukamwita baba yake. Duara likatokea, likafura, likakaa katikati na Zaituni. Mselem alisukumwa pembeni kabisa.

Mume wangu akatazama, akakohoa. "Sasa si uniandike jina tu, watu wajue?"

"Thubutu!" nikamwambia. "Majina ni ya watu wengine. Wewe ni mwenyewe."

Alivuta kiti, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma.