Sale Kwenye Dirisha Jeusi

Wiki hiyo Jackline alikuwa na habari tamu mdomoni kiasi kwamba hata kula alishindwa, maana kila akifungua mdomo chakula hakiingii, habari ndiyo inatoka. Jumamosi anaagwa. Kina Lesian, mchumba wake, wanakuja na ukoo mzima kutoka upande wa pili wa mlima, na gauni limeshashonwa, na limemkaa. Alishamwambia muuza ndizi, alishamwambia fundi viatu, alishamwambia hata ng'ombe wa jirani, na ng'ombe ndiye aliyesikiliza mpaka mwisho.

Ila ilikuwepo sehemu moja ambayo habari ilikuwa haijafika: kwa baba mkubwa.

Baba mkubwa Nathanael ndiye aliyembeba mabegani utoto wake wote, akimwonyesha kilele cha Meru kikitokea na kupotea mawinguni kama mtu anayechungulia dirishani. Na kwa kina Sumari, ukoo wao, binti akiagwa, baba mkubwa ndiye anayemshika mkono na kumvusha kizingiti. Sasa mzee huyo na mdogo wake Eliamini, baba yake Jackline, walikuwa hawasemeshani. Kisa ni zamu ya mfereji. Kiangazi kimoja Nathanael alifungulia maji shambani kwake siku isiyo yake, maharage ya Eliamini yakakauka yakiwa na maua, na maneno yakasemwa mbele ya ukoo, yale ambayo ukiyatoa hayarudi. Nathanael akahamia kwa mwanawe, mtaa wa Kwa Mrombo. Eliamini akabaki kijijini Maji ya Chai, akabadilisha laini ya simu, basi.

Jumatano Jackline akaenda Kwa Mrombo mwenyewe. Alimkuta mzee kibarazani, ubavuni mwa duka la Kauthar, yule dada anayetoa fotokopi na kuuza madaftari.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mama. Umenawiri. Huyo Mwarusha anakulisha nini?"

"Maneno matamu tu, baba mkubwa."

"Hayo hayanenepeshi. Kaa."

Akakaa, akamwaga habari yote, gauni, keki, mbuzi, mzee akicheka mpaka kikohozi kikamshika. Habari ilipofika kwenye Jumamosi yenyewe, kicheko kikaisha.

"Siji," akasema taratibu, kama mtu anayekataa kuongezewa chai. "Baba yako nimemtumia sale. Wala si mara moja. Kanyamaza. Mtu aliyenyamazia sale, mimi nikakae mkeka gani nyumbani kwake?"

Kwa Wameru, kama kwa Wachaga, jani la sale likishaletwa ugomvi umekwisha. Unaweza kununa, unaweza kulia, lakini kulikataa huwezi. Sale ndilo mpaka wa shamba, sale ndilo linaloota makaburini kwa mababu. Ukilikataa, umewakataa na wao.

Akarudi nyumbani na maneno hayo, na baba yake akayapokea vibaya.

"Muongo. Hakuna aliyekanyaga uwanja huu na sale. Mimi, Eliamini, nikatae sale? Sasa ananitangaza mpaka Kwa Mrombo kwamba sina mila?" Akasogeza sahani. "Afadhali asije."

Usiku ule Jackline aliota anavuka kizingiti peke yake, na kizingiti hakiishi. Anainua mguu, anashusha, bado yuko juu ya kizingiti.

Alfajiri ukungu ulishuka kutoka mlimani ukaingia hadi migombani, ukala banda, ukala mti wa parachichi, ukabakiza nyumba tu ikielea. Baba yake alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta yake. Mzee huyu, kabla ya kustaafu, kazi yake ilikuwa kuusikiliza mlima. Kilikuwepo kituo kidogo huko juu, mitambo imefukiwa ardhini, na yeye anaandika kila mtikisiko. Alikuwa akiwaambia watoto kwamba Meru umelala, ila unaota, na yeye ndiye karani wa ndoto zake. Alipostaafu aliinunua kompyuta ya kazini ikiwa imeshazeeka, na mpaka leo anasoma barua pepe humo humo, kwenye dirisha jeusi lenye herufi za kijani, kwa kuandika amri moja moja. Umwambie habari za simu, anakujibu, "Hili halina matangazo."

"Mama, njoo uone," akaita. "Takataka zangu sasa zimeingia mpaka kwenye harusi yako. Huyu si Princess, rafiki yako?"

Jackline akainama. Jina la Princess lilikuwa limekaa vizuri kabisa. Lakini pale pa kichwa cha barua palijaa vurugu: alama za sawasawa, viulizo, herufi kubwa na ndogo zimegongana kama mahindi yaliyomwagika.

"Ni virusi," akasema baba. "Nafuta."

"Subiri, baba. Hiyo mimi ninayo pia. Mada yake ni keki."

Kule chuoni alikosomea kompyuta, kitu kimoja kilimwingia Jackline vizuri: kabla hujalaumu, uliza. Akaiuliza kompyuta inatumia herufi za aina gani. Ikajibu za kisasa, hazina shida. Basi kioo hakina kosa. Akaifungua barua yenyewe ilivyo, bila kupambwa. Vurugu ile ile. Basi kosa si la njiani, imetumwa hivyo hivyo. Akaitazama tena, na safari hii akaona kwamba vurugu ina adabu: inaanza na sawasawa na kiulizo, inaishia na kiulizo na sawasawa.

"Baba, hii si takataka. Hii imefungashwa."

"Imefungashwa vipi?"

"Kama mayai kwenye majani makavu ya mgomba. Kichwa cha barua kwa sheria ya zamani kinabeba herufi za kawaida tu. Mtu akiweka picha, inafungwa kwanza ndani ya herufi. Programu za sasa zinafungua zenyewe, hata huoni. Hii yako ni ya zamani, haijui kufungua. Inakusomea majani ya mgomba."

"Na ndani mna nini?"

"Humu mna keki."

Mzee akamtazama juu ya miwani. "Mtu mzima, amesoma, anatuma keki kwenye kichwa cha barua."

"Ndiyo Princess huyo."

"Basi na huyu mfungulie, tujue anauza nini." Akashusha orodha. "Ananichosha. Kila Jumapili, kichwa kile kile, ndani tupu. Nimemfuta mpaka kichwa chake nimekikariri. Sawasawa, kiulizo, UTF, kistari, nane..."

Jackline hakuwa anasikia tena. Jina la mtumaji lilikuwa Kauthar Stationery.

Akapiga picha kile kichwa kwa simu yake, akakiandika upya polepole mahali pa kufungulia, =?UTF-8?B?8J+Mvw==?=. Kisha akamgeuzia baba yake simu.

Kwenye kioo palikuwa na jani. Moja tu, la kijani, dogo kama kucha.

Baba aliliangalia. Nje, mahali fulani ndani ya weupe, ng'ombe wa jirani alilia mara moja akanyamaza.

"Hilo duka liko wapi?" akauliza, ingawa sauti yake ilishajua.

"Ubavuni mwa kibaraza cha baba mkubwa."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Kila Jumapili," akasema. "Namba yangu mpya hana, anwani anayo tangu nikiwa kazini. Anatoka kanisani anapitia kwa huyo binti. Na mimi nafuta." Akainamia kioo, kama zamani alivyoinama akisubiri mlima useme tena. "Nimefuta sale la kaka yangu."

"Hukujua, baba."

"Sale halina hukujua."

Jackline akavuta kibodi. "Ngoja nikuwekee programu mpya, halafu utamjibu na jani zuri kabisa."

"Acha kwanza. Mpya itanichelewesha." Akairudisha kibodi kwake, akaandika amri ya kujibu. Pale pa kichwa, kwa kidole kimoja, akaanza: sawasawa, kiulizo, UTF...

Jackline alitaka kumwambia, baba, hizo ni herufi tu, unaandika majani ya mgomba. Mdomo ukafunguka, na kwa mara ya kwanza wiki ile hapakutoka kitu. Maana alielewa. Dirisha hili jeusi halijui kufungua, lakini pia halijui kubadilisha. Litazipeleka herufi kama zilivyo, na kule Kwa Mrombo, kwenye kompyuta ya Kauthar, jani litafunguka lenyewe.

Baba alimaliza, akakagua kila herufi, akaituma. Ndani hakuandika kitu. Kisha akachukua panga akaingia kwenye ukungu kuelekea mpakani, kwenye safu ya masale, asije akampokea mkubwa wake mikono mitupu.

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na bega la mlima limeonekana, Kauthar alipopiga simu.

"Jack, mzee wenu ananitesa huku. Nimemfungulia barua, akaniambia niitoe kwenye karatasi. Nikamwambia babu, hilo ni jani tu. Akasema toa."

"Ukatoa?"

"Nimetoa. Ila wino wa njano umeisha, limetoka la bluu. Nilitaka kulirudia, akaninyang'anya. Kalikunja, kaliweka mfuko wa shati, kaniuliza Jumamosi mnaanza saa ngapi. Nimemwambia sijui, mimi sijaalikwa."

"Umealikwa," Jackline akasema, na habari zote zikamrudia mdomoni kwa pamoja, akakimbilia mpakani na kandambili za baba yake miguuni, akiita.