Mkato wa Shingoni

…la, si unene wa ukucha, ni pungufu kidogo, na Shigeharu akainama tena juu ya meza ya chuma, kinyago kimepandishwa kipajini, tochi ya kuchomelea mkononi, kidole kiko juu ya kitufe lakini hakijabonyeza, maana nafasi ikiwa kubwa chuma kitadondokea ndani na ikiwa ndogo moto hautafika chini, na hii ndiyo sehemu ya mwisho, pande tatu za shingo ya fremu zimeshashikizwa kwa nukta za moto, umebaki upande wa chini tu, na nje nyenje wanapiga kelele kama waliolipwa, Agosti ya Hamamatsu haina huruma, jasho linamwingia machoni, mzee wa miaka themanini anatafuta nini bandani siku kama ya leo… "Baba Nobu, mtawa ameshafika," sauti ya mkewe Fusae kutoka jikoni, wala hakuipaza, na yeye akajibu nakuja, jibu lilelile alilotoa robo saa iliyopita, nakuja, na hakwenda, atakwendaje na fremu bado haijaungana, leo ni kisomo cha mwaka wa thelathini na tatu cha marehemu Nobuyuki, mtoto wao wa pekee, na baada ya hiki hakuna kingine, ndivyo ilivyo, mtawa atasoma, kibao chenye jina la mtoto kitaondolewa kwenye madhabahu ya nyumbani, na kuanzia kesho atahesabiwa miongoni mwa marehemu wazee wa ukoo, kijana wa miaka kumi na minane katikati ya wazee, hana tena siku yake, hana tena jina la kuitwa peke yake, kwa hiyo kama kuna kitu cha kumkabidhi aondoke nacho ni leo, na Shigeharu ameapa kimoyomoyo kwamba ataondoka na pikipiki yake ikiwa nzima, angalau fremu, injini iliuzwa zamani, matairi yaliliwa na panya, lakini fremu ipo, ilikaa nyuma ya banda chini ya turubai tangu elfu moja mia tisa na themanini, na aliyeikata ni yeye mwenyewe.

Aliikata kwa sababu ya hasira, hivyo ndivyo amekuwa akisema, kwa hasira na kwa hofu, mzazi gani asingefanya vile, hata majirani walisema hivyo siku ya maziko, wakamshika bega, wakasema ulijaribu kumwokoa, maana kila mtu mtaani alijua kundi lile la vijana wa pikipiki wa Jumamosi, hawavai kofia, wanatoa mlio barabarani mpaka vikongwe wanaziba masikio, polisi walishakuja nyumbani mara mbili wakavua viatu kwa adabu wakanywa chai wakasema safari ya tatu hatutakunywa chai, na Fusae alisema, Fusae alisema mchana uleule, ng'oa plagi tu uifiche kwenye debe la mchele, inatosha, na yeye hakung'oa plagi, alichukua grenda ya kukatia chuma… pumua, mkono usitetemeke, chuma kikipoa huvuta, ukianza upande usiofaa shingo itapinda na gurudumu la mbele litatazama kando, alijifunza hayo kwa bwana Ochiai karakanani, miaka ishirini na saba ya kuchomelea fremu, shingo baada ya shingo, hata hii huenda ni kazi yake, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa zamani, ndiyo, vile vimawimbi vidogo vyenye mwendo mmoja, kila fundi ana mwendo wake, huu ni wa kwake, Nobuyuki aliinunua kuukuu kwa mshahara wa kituo cha petroli na siku ya kwanza alimvuta babake kwa mkono, njoo uone, Baba, hii ni yako hii, na yeye akacheka, alicheka siku ile, kwa nini hilo hulisahau kila mara.

Kidole kikashuka kutoka kwenye mshono mpaka kwenye mkato na hapo kikasimama. Ulikuwa umenyooka. Miaka yote ile chini ya turubai hakuwahi kuutazama, na wiki hii nzima alikuwa akiusugua kwa msasa na kuupima bila kuutazama, sasa anautazama, umenyooka kama mstari wa rula, umeanza juu, nyuma ya shingo kabisa, ukapita katikati ya namba iliyogongwa kwenye chuma ukaigawa saba yake sehemu mbili, ukatokea chini palepale inapotakiwa, na mkono wenye hasira haukati hivi, mkono wenye hasira unaparuza, unateleza, unaacha meno, huu ni mkono wa mtu aliye kazini, huu ni mkato wa… usiseme, lakini ameshasema moyoni, huu ni mkato wa mbovu, ule wa karakanani, fremu ikikataliwa na mkaguzi ilichorwa chaki nyuma ya shingo, ikakatwa hapo, katikati ya namba, kwa sababu ukikata bomba mahali pengine mwokota vyuma ataliunga na kuliuza, ila ukikata hapo umeiondoa duniani, hairudi barabarani hata mtu akiiokota, amekata mbovu ngapi, mia, mia nyingi, hakuhitaji chaki tena, na mchana ule mwana wake alipokuwa amelala ndani yeye aliinua grenda akamkatia pikipiki yake kama mbovu, kwa utulivu, akafagia vumbi la chuma akatundika grenda msumarini. Hasira ilikuwa wapi? Hapakuwa na hasira. Alikuwa ameshaamua kwamba kijana huyu hafai.

Na Nobuyuki alijua, hapo ndipo penye sumu, alifanya kazi likizo moja karakanani akiwa na miaka kumi na sita, kazi yake ilikuwa kupanga mbovu kwenye rundo, kwa hiyo alipoamka akatoka akaona hakupiga kelele, alichuchumaa, akagusa mkato kwa kidole kimoja, akauliza taratibu kabisa, "Mbovu, Baba?" na Shigeharu, aliyedhani wanaongea habari za pikipiki, au aliyejifanya kudhani, akamjibu, "Mbovu ni mbovu." Kijana akaingia ndani, akatoka, akapanda nyuma ya pikipiki ya Makabe, rafiki yake, aliyeendesha kama kichaa siku zote, na jua halijazama simu ikaja kutoka daraja la Tenryu, Makabe kavunjika mguu, na Nobu…

"Baba Nobu." Sasa Fusae yuko mlangoni, amevaa kimono cheusi, mikono imeshikana mbele, mtawa amemaliza chai anasema hana haraka, na Shigeharu hakugeuka, macho yako kwenye ile saba iliyogawanyika, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kitu ambacho haijawahi kukisema. "Alijua maana ya pale nilipokata."

Fusae hakushtuka.

"Aliniambia," akasema. "Alikuwa anafunga viatu. Aliniambia, Mama, Baba amenikata pale wanapokata za kutupwa." Akanyoosha kola yake. "Koti lako nimelitundika ukumbini." Na hatua zake zikarudi kuelekea nyumbani, ndogondogo, bila haraka.

Shigeharu akabaki vilevile, ameinama, kinyago kipajini, kidole juu ya kitufe, nyenje hawajapunguza kelele, nafasi ni ileile, na aliyedhani kwamba kwa miaka yote hiyo amebeba siri yake kwa kutoitazama anaziona sasa zile asubuhi, zote, moja moja, Fusae anafunua sufuria ya wali, bakuli la kwanza ni la Nobuyuki, analiweka mbele ya picha, anagonga kengele ndogo, anainamisha kichwa, halafu kwa mwiko uleule anapakua la mumewe, anamwekea mezani, anamwambia kula, akijua, tangu asubuhi ya kwanza baada ya maziko akijua, na hata siku moja hakumpa wali uliopoa.