Kikombe cha Agnès

Nyumba ya Mushiya haikukosa watu. Kambi nzima ya wafanyakazi ilipita pale: wa kuomba chumvi, wa kuleta umbea, wa kukaa tu. Leo wamemzunguka watu kuliko siku zote, wamelala juu ya mabunda pembeni ya reli ya Kolwezi wakingoja treni ya Kasai, na hana neno la kumwambia hata mmoja. Wenyeji wa Katanga waliwaambia Wakasai wote: ninyi si wa hapa, tokeni. Wakatoka. Hata kulia alikuwa amesahau kunaanzia wapi.

Binti yake Tshiela alikuwa ameacha kuomba maji. Analamba midomo tu.

Ndipo Agnès akatokea, bidoni ya maji kichwani. Jirani wa ukuta mmoja, mtu wa kaskazini ya Katanga. Kuja pale, kati ya watu waliofukuzwa na ndugu zake, halikuwa jambo dogo. Wanawake wakamfuata kwa macho.

"Mama Tshiela, nimekuletea mayi. Batoto bakunywe."

"Uliteka wapi?"

"Ku kijito, chini ya mabwawa. Robine zote za kambi zimekauka, unafungua hakuna kitu."

Mushiya akaganda. Mabwawa yale yalikuwa kazi ya mumewe, Badibanga: kuendesha pompi za maji machafu ya kambi, ya vyoo na ya jikoni, yatulie, yasafike, ndipo yaachiwe kijitoni kuelekea mto Musonoi. Watu wa pompi wote walikuwa Wakasai. Wote wako hapa, wamekalia mizigo. Pompi zimelala tangu walipofukuzwa, na uchafu unashuka kijitoni vilevile ulivyo.

Akaikazia macho ile bidoni.

"Unaangalia nini?" sauti ya Agnès ilishuka. "Unawaza nimetia sumu?"

"Aonje kwanza," mwanamke mmoja alitupa neno kutoka nyuma.

Kwao wote wawili ndiyo desturi: anayekupa cha kunywa huonja mbele yako, uone hana ubaya. Agnès hakungoja. Alimimina kikombe kikajaa, akanywa chote, akakigeuza chini.

"Sasa je?"

"Si sumu," Mushiya alisema. "Ni choo."

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya samaki wa jana.

Agnès akakaa juu ya bunda. "Tuko tunakunywa ile mayi tangu juma iliyopita. Mtoto wangu Kalumba anaharisha. Mi nikasema ni meno yanaota." Akamgeukia Badibanga. "Tata, rudia kule basi, uwashe pompi."

"Nikipita pale barieri balipofunga njia, mama, bataniua."

"Sasa nani atawasha?"

"Sijui."

Lililobaki lilikuwa kuchemsha, na makaa hakuna. Badibanga alikuwa ameng'oa mlango wa nyumba yao, ameubeba mgongoni hadi hapa, aende nao Kasai.

"Pasua," Mushiya alimwambia.

"Mlango?"

"Nyumba hatuna. Tutafunga nini?"

Akaupasua bila kubisha. Nusu waliiwasha chini ya sufuria ya maji yale. Nusu Mushiya aliifunga kwa kitambaa, akamtwika Agnès.

"Mayi ya Kalumba itokote sana. Kisha tia sukari na chumvi kidogo. Na wewe pia kunywa ile."

"Njo vile," Agnès alikubali, akaondoka. Yule mwanamke aliyesema aonje aliusogeza mguu wake, ampishe.

Tshiela alinyoosha mkono kwenye sufuria.

"Bado," mama yake alisema. "Ngoja itokote."