Mashine ya Abdulrazaq

Mashine ya boti ya Mwinjuma ilikufa siku ambayo boti ilikuwa imejaa abiria na ndoo za kambamiti. Wakarudi kijijini kwao Salale, huko delta, kwa kupiga kafi, kila mtu amenuna. Fundi aliifungua, akachungulia ndani, akaifunga tena. Chuma kimeliwa na chumvi, alisema, hapa hakuna cha kutengeneza.

Tangu siku hiyo Mwinjuma akawa mtu wa kukaa. Tangu mkewe Siti afariki, boti ndiyo iliyokuwa ikimbeba: asubuhi anapeleka watu Nyamisati, mchana anawarudisha, na njia nzima ni soga. Sasa watu walewale walipanda boti za wengine, na walipopita mbele ya nyumba yake walimpungia mkono. Alipika wali wa kumtosha mtu mmoja, na hata huo ukabaki, akawamwagia kuku. Binti yake wa pekee, Hafsa, ameolewa Temeke. Alikuwa akipiga simu sikukuu. Mwinjuma hakupenda kumpigia, kwa sababu kila alipofanya hivyo alisikia watoto wanalia na sufuria zinagongana, na sauti ya Hafsa ina haraka.

Mashine aliiona kwenye simu, akipitisha muda tu, katika kundi moja la Facebook ambamo watu huuziana vyombo vya majini. Ilikuwa ya nguvu za farasi kumi na tano, imetumika lakini bado safi, imefungwa kwenye kibao cha bluu. Bei ilikuwa chini kidogo ya alizozoea kusikia, si chini sana hata mtu ashtuke. Akaandika kwamba anaihitaji, akaacha na namba yake. Hakumaliza hata kikombe cha chai, simu ikaita.

Muuzaji alijitambulisha kuwa Abdulrazaq wa Kigamboni. Sauti yake ilikuwa laini, shikamoo ikatangulia. Alieleza kuwa mashine ilikuwa ya marehemu baba yake, na nyumbani hakuna aliyerithi kazi ya majini. Mwinjuma akamwambia ukweli, kwamba fedha hazijatimia, anangoja mpunga wake ununuliwe. Abdulrazaq akasema hakuna haraka, atamwekea.

Kesho yake akapiga tena, na hakutaja fedha. Alitaka kujua mzee ameamkaje, na mvua huko delta imenyesha kiasi gani. Keshokutwa akapiga tena. Ikawa ndiyo desturi, kila asubuhi baada ya chai. Mwinjuma akaanza kuichaji simu mapema kwenye sola ya jirani ili isije ikazima. Siku moja akajikuta anamsimulia Siti alivyougua, tangu homa ya kwanza mpaka siku alipoacha kumtambua, jambo ambalo hata Hafsa hakuwahi kuelezwa lote. Abdulrazaq alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umebeba mzigo mkubwa, mzee wangu." Mwinjuma alitoka nje, akasimama kwenye kivuli cha mikoko mpaka macho yakakauka.

Mpunga ukanunuliwa. Akamwambia Abdulrazaq kwamba yuko tayari, na asubuhi hiyohiyo mambo yakabadilika. Kumbe kuna mteja wa Bagamoyo anayeitaka mashine leo leo. Mzee awahi benki, aingize fedha kwenye akaunti atakayotumiwa, na mashine itapakiwa kwenye basi, kesho aipokee stendi ya Kibiti. Mwinjuma akauliza kama hawezi kwenda kuiona kwanza. Akajibiwa kuwa Abdulrazaq yuko safarini, na ufunguo wa stoo anao kaka yake. Neno hilo halikumkaa vizuri, lakini alifunga safari. Akapanda boti ya watu, kisha pikipiki, kisha gari mpaka Kibiti.

Benki alihudumiwa na dada mmoja mwenye ushungi wa kijani. Aliingiza namba ya akaunti, akatazama kioo cha kompyuta.

"Unamtumia Amri Nurdini, baba?"

"Hapana. Abdulrazaq."

"Akaunti hii ni ya Amri Nurdini." Alimtazama kidogo. "Ni ya kununulia kitu?"

Mwinjuma akasema ni mashine ya boti. Dada akauliza kama ameiona. Akajibu kuwa ameiona kwenye picha. Yule dada hakumcheka wala hakumkaripia. Alimwambia kwa sauti ya chini kuwa fedha ikishatoka, kuirudisha si kazi nyepesi, mara nyingi akaunti inakutwa imeshakombwa. Atoke kwanza, aongee na mtu wake, na akiridhika arudi.

Alikaa kwenye benchi ya nje, akampigia. Abdulrazaq hakubabaika. Akaunti ni ya mjomba wake, alisema, yeye ya kwake ina matatizo. Mwinjuma akamwambia kwamba basi hakuna shida, ana binti Temeke. Atavuka mpaka Kigamboni, aione mashine, asikie inavyowaka, na alipe palepale mkononi.

Upande wa pili sauti ikaja, si ile laini. "Mzee, unanipotezea muda." Halafu ikalainika tena. "Yaani huniamini? Mimi niliyekuona kama baba yangu?"

Mwinjuma akasema atampigia.

Alikuwa ameshajua. Mtu aliyebeba wauza kambamiti kwenye boti miaka yote hiyo hahitaji kuambiwa mara mbili anapodanganywa. Lakini aliendelea kukaa pale, fedha ikiwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na wazo likamjia ambalo aliliona aibu: kwamba akituma, labda simu zitaendelea siku chache zaidi. Kutakuwa na maelezo, basi limechelewa, mizigo imekwama, na kila maelezo yatakuwa na shikamoo yake. Akainuka. Akarudi mpaka mlangoni mwa benki, akashika kitasa, mlinzi akamwuliza kama anaingia au anatoka.

Akarudi kwenye benchi, akampigia Hafsa.

"Baba? Kuna nini? Nani amekufa?"

Akamweleza. Hafsa akaomba atumiwe picha, akakata, na baada ya muda akapiga yeye. Picha zilezile alizikuta kwenye kundi jingine, kibao kilekile cha bluu, muuzaji ana jina tofauti na anasema yuko Mwanza.

"Usitume hata senti. Na mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Nilijua una shughuli."

Mtoto alikuwa analia nyuma yake. "Ninazo," Hafsa akasema polepole. "Lakini ungeniambia."

Mwinjuma akamwandikia Abdulrazaq maneno mawili: Mwanangu, sitatuma. Ujumbe ukasomwa, halafu picha ya Abdulrazaq ikatoweka kwenye simu, na namba haikupatikana tena. Hafsa alikuwa amemsisitizia apite polisi, akapita. Askari alipomwambia aitaje ile namba, aliitaja kwa kichwa bila kutazama simu, na alijiona kama anamsema mtu wa nyumbani.

Mashine nyingine aliipata Ndundu, kwa kuulizia kwa madereva. Mwenyewe, Ismaily, alikuwa akivusha mizigo mtoni na sasa mgongo umemshinda. Waliifunga kwenye boti ya Ismaily. Ilikataa mara mbili, ikawaka, wakashuka nayo mpaka chini ya daraja na kurudi, Mwinjuma akiwa ameweka kiganja juu yake kusikilizia joto. Fedha ilitolewa mbele ya mwenyekiti wa kijiji, wakaandikiana. Wakati wa kuipakia, Mwinjuma akasema kwamba mkewe angefurahi kuiona, ameshatangulia. Ismaily akasema pole, akaendelea kukaza kamba.

Akarudi kwenye kazi. Abiria wakarudi pia, na soga zao za bei ya mchele na nani kaoa. Hakuna aliyejua habari za Abdulrazaq, naye hakusimulia. Lakini asubuhi baada ya chai mkono wake uliendelea kwenda kwenye simu, akaitazama, akairudisha mfukoni, akaenda kutia mafuta kwenye mashine.

Asubuhi moja hakuirudisha. Akampigia Hafsa. Hafsa akauliza kuna nini, naye akasema hakuna kitu, amepiga tu. Mwinjuma alisikia sufuria, akasikia bomba la maji, na alikuwa karibu kuaga aliposikia Hafsa anamwambia mtu apunguze moto. Kisha akaanza kumweleza baba yake habari za mtoto wa kati, amegoma kwenda madrasa, anasema ustadhi anamwonea. Mwinjuma akacheka. Alitaka kusema kwamba Hafsa naye aligoma hivyohivyo, na mama yake ndiye aliyempeleka akiwa amembeba mgongoni, lakini salio likaisha, simu ikakatika. Akangoja kidogo kama atapigiwa. Kwenye gati watu walikuwa wanamwita, maji yanakupwa, akashuka akawashe mashine.