Sikio la Kulia

Fundi aliyemfundisha mke wa kinyozi kumimina mpira wa silikoni alikuwa mtengenezaji wa miguu na mikono bandia, na mtaa mzima ulimwita Bwana Viungo. Wageni waliosikia jina hilo walimjia kuulizia mdalasini. Alikuwa mtu wa maneno machache, mgumu wa kusifu.

"Masikio mimi sifanyi," alimwambia siku ya kwanza.

"Sikuja kununua, fundi. Nifundishe mpira. Sikio nitalitafuta mwenyewe."

Sikio lenyewe lilikuwa la mumewe. Pikipiki ilimburura barabarani, akaamka hospitali ana kila kitu isipokuwa sikio la kulia. Kusikia alisikia; kilichopotea ni lile gamba la nje tu. Mtu wa kazi nyingine angevaa kofia maisha yakaendelea. Lakini kinyozi hushinda mbele ya kioo, na mteja aliyekaa kitini hana pengine pa kutazama. Alijaribu kunyoa siku moja tu, kofia ya sufu imemshuka mpaka kwenye nyusi, mteja mmoja akamtania kwamba kinyozi anayeficha kichwa ni kama mpishi asiyeonja chungu chake. Kinyozi alicheka pamoja na wenzake, jioni akafunga duka, na hakulifungua tena. Sasa alikula na kofia, akalala na kofia. Mkewe alimpenda sana, na alichoka kuolewa na kofia.

Mama mkwe, aliyeishi nao katika chumba cha uani, hakutaka kusikia habari za mpira.

"Mwache mwanangu," alisema. "Sikio si jino la utotoni, halioti tena. Unamtonesha kidonda tu."

Mpira ule ulikuja katika makopo mawili. Unachanganya wa hili na wa lile kwa uzani sawa, unaumimina, unangoja ugande. Wa kwanza kabisa haukuganda. Mke wa kinyozi aliusubiri mpaka kesho yake, akaukuta bado unanata kama asali iliyomwagika. Bwana Viungo hakuutazama mpira, alitazama mikono ya mwanafunzi wake.

"Glavu hizo ni za utomvu wa mti," alisema. "Mpira huu na ule ni wake wenza, hawakai chumba kimoja."

Alibadilisha glavu. Akajifunza kukoroga taratibu asiingize mapovu, na kumimina uzi mwembamba kutoka pembe moja ya kalibu, kile chombo kinachoupa mpira umbo, ujitafutie njia wenyewe. Akajifunza na rangi, maana ngozi ya mtu, ukiitazama vizuri, ina wekundu, manjano na hata kijani kidogo. Alipoona mkono umekubali, alimlaza mumewe ubavu, akachukua umbo la sikio lake la kushoto, lililokuwa zima, akalimimina. Lilitoka safi, kila mkunjo mahali pake. Alilifunga kwenye kitambaa akakimbia nalo nyumbani.

Walipoliweka upande wa kulia, lilitazama nyuma. Wakiligeuza litazame mbele, ndewe ilipanda juu. Alikuwa amemtengenezea mumewe sikio la kushoto la pili.

"Si vibaya," kinyozi alisema. "Nitasikia wanaonisengenya nyuma ya mgongo." Kisha akavuta kofia yake, akaenda kulala akiwa ameelekea ukutani. Mkewe alikaa jikoni akalia kwa hasira. Alijiona mjinga wa kutupwa.

Bwana Viungo alipopata habari alijipiga paji la uso. Mguu wa kulia na wa kushoto hakuwahi kuichanganya, lakini sikio hakulifikiria.

"Tafuta wa damu yake," alisema. "Mtu anayefanana naye, mwenye sikio la kulia."

Mumewe alikuwa mtoto wa pekee. Mke wa kinyozi alijua jibu kabla hajatoka karakana, na jibu lenyewe halikumpendeza. Aliwahi kumwona mama mkwe akiosha nywele bila kitambaa kichwani. Masikio yalikuwa yale yale, ukingo wa juu umejikunja kama pembe ya ukurasa.

Alimkuta amekaa kitandani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuomba sikio."

"Marahaba. Masikio yangu umeyachosha kwa maneno, sasa unataka kuyachukua kabisa?"

Akaelezwa. Akaanza kufungua kitambaa chake cha kichwani.

"Litauma?"

"Haliumi. Ila usiseme neno mpaka mpira ugande. Ukitikisa taya, sikio litapinda."

"Hapo ndipo penye maumivu," mama mkwe alisema. "Na mwenyewe asijue. Mwanamume mzima ataambiwaje amevaa sikio la mamake?"

Mke wa kinyozi akamziba tundu la sikio kwa pamba, akampaka nywele mafuta, akazungusha ukuta wa udongo, akamimina. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikaa na mama mkwe bila kuchomwa neno, na hakuona raha yoyote. Mama yule alikuwa analia, bila kutikisa hata shavu, kwa sababu alikatazwa. Mke wa kinyozi alimfuta machozi kwa pindo la nguo yake yasifike kwenye mpira.

Katika umbo lile alimimina nta kwanza. Akaziba tundu za hereni, akaongeza unene kidogo, maana sikio la mwanamume ni kubwa zaidi, ndipo akaifanyia nta kalibu ya plasta na kumimina mpira wenye rangi. Bwana Viungo alilishika sikio mlangoni penye mwanga, akaguna. Waliomjua walijua hiyo ndiyo sifa.

Kinyozi alilibandika kwa gundi, akajitazama, akavua kofia. "Nitajaribu," alisema.

Siku aliyofungua duka, watu walipita, wakampa pole, wakaenda zao. Walishapata vinyozi wengine. Mkono wake haukuacha kulipapasa sikio. Kufikia adhuhuri mkono huo ulikuwa kwenye saraka alimoweka kofia. Mkewe, aliyejifanya anashona kifungo kwenye benchi, aliikodolea macho saraka ile. Kofia ile ikirudi kichwani haitatoka tena.

Mama mkwe akaingia. Hakumsalimu mtu. Alikaa kitini, akafungua kitambaa.

"Ninyoe."

"Nikunyoe wewe, mama?"

"Kwani hapa si kwa kinyozi?"

Kinyozi akamfunga shuka shingoni, akawasha mashine, akainama. Vichwa viwili vikasogeleana kwenye kioo, sikio la kulia karibu na sikio la kulia. Mkono wake ulisimama. Alimtazama mkewe, akakitazama tena kioo, mashine inanguruma hewani.

"Mama, hili sikio ni lako."

"Langu hili hapa." Mama akajivuta ndewe. "Hilo ni lako. Nilikuwa nimekutunzia tu."

Kinyozi alijifuta uso kwa kiganja, mara mbili. Mkewe hakujificha, alilia wazi na sindano mkononi.

"Nyoa basi," mama akasema. "Watu wanasubiri."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Kinyozi akanyoa.