Kapu la Kwisha

Mwalimu alivaa gauni lake la mikono mirefu, lile la harusini, maana mkaguzi alikuwa anakuja kuamua kama chumba chao kibaki darasa au kigeuzwe stoo ya madawati mabovu. Kwa ajili ya unadhifu, bangili yake pana ya mbao aliitia mkobani. Hapo ndipo alipoharibu.

Mwanafunzi wake, binti asiyeona wala kusikia, ambaye shule nzima ilimwita Bosi, alipapasa mkono uliomfikia akaukuta mtupu. Bangili ndiyo iliyomtambulisha mwalimu kwake; bila hiyo, huyu alikuwa mtu baki. Bosi akakunja mikono, akanuna.

"Mpe shanga atunge," mkaguzi alisema, kalamu mkononi. "Nina haraka."

"Shanga hazipendi, mzee. Na kujifunza hakulazimishwi."

Mwalimu aliitoa bangili, akaivaa juu ya gauni. Bosi aliigusa, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Mwalimu akampa vitu viwili achague: uzi wa shanga na kijiko. Kisha akasubiri. Mkaguzi akakohoa. Mwalimu akazidi kusubiri, maana kusubiri ndiyo nusu ya kazi yake.

Bosi alishika kijiko. Chai! Mikono ya mwalimu ikakaa chini ya mikono ya binti, ikimfuata bila kumburuta. Mwezi uliopita Bosi hakuthubutu kugusa chupa ya maji ya moto. Leo alimimina mwenyewe, kiganja kikifuata joto likipanda kikombeni, na mwalimu alitamani kuruka kwa furaha. Kijiko kikaenda kapuni. Kila kazi ikiisha, kifaa chake huingia kapu la kwisha, na hapo hakuna mjadala.

Mkaguzi alikunywa mpaka tone la mwisho. "Chai tamu. Ila kwenye mtaala haimo. Chumba kitakuwa stoo. Mimi natumwa tu, mwalimu."

Akainama atie saini. Bosi, akipapasa meza kutafuta kikombe akioshe, aliufikia mkono wake. Akaichomoa kalamu taratibu, akaenda nayo, akaitumbukiza kapuni.

"Kalamu yangu!"

"Amesema kazi yako imekwisha," mwalimu alijibu, kicheko kimembana.

"Nitoleeni basi!"

"Kikishaingia hakitoki hadi kesho, mzee. Nikivunja sheria hiyo, hataniamini tena."

Mkaguzi alijipapasa mifuko yote, kisha akatoka kwenda kuazima ofisini.

Mwalimu alijua atarudi. Ofisi ile hukosa chaki, lakini kalamu ya kufungia darasa haikosi. Akakaza komeo la mlango, akampa Bosi bangili aiguse, halafu kijiko kingine. Wakaanza kikombe cha pili.