Mkono Begani

Wazo la kumpeleka mumewe kwenye makumbusho ya askari wa miguu lilikuwa la fundi cherehani mwenyewe. Mwanamume alirudi vitani mzima, mikono miwili, miguu miwili, lakini ulimi aliuacha hukohuko. Miaka nenda miaka rudi ni "naam" na "sawa", basi. Fundi alichoka kuishi na ukuta. Alimtaka mumewe, yule mcheshi aliyemwoa, azungumze naye tena.

Chumba cha mwisho kilitiwa giza kwa makusudi. Sanamu za askari zilipangwa mstari mmoja, kila moja mkono begani mwa iliyo mbele, maana ndivyo askari wanavyotembea usiku wasipotezane. Fundi alikagua mishono ya magwanda; aliyeshona yale makwapa alistahili kunyang'anywa sindano. Alipogeuka, mumewe alikuwa ameshavuka kamba ya kuzuia wageni. Alisimama mkiani, kashika bega la sanamu ya mwisho.

"Baba Watoto, toka huko, watatufukuza!"

"Nyamaza," alinong'ona. "Kibiriti hajafika."

 Jina hilo fundi hakuwahi kulisikia.

"Kibiriti ndiye nani?"

"Wa nyuma yangu. Aliliachia bega langu. Tulikatazwa kugeuka, sikugeuka. Namsubiri."

Alimvuta, hakutikisika. Alimbembeleza, akamtishia kumwacha, wapi! Jasho lilimtiririka mumewe na meno yanagongana. Huruma ikamkaba fundi. Akapita chini ya kamba, akasimama nyuma yake na kumwekea mkono begani.

Mwili wote ukamlegea mumewe. "Umechelewa, mshenzi wewe," alisema, akaangua kicheko. Kicheko kilekile cha siku za uchumba! Fundi nusura apige vigelegele.

Wakatoka vivyo hivyo, mlinzi akiwakodolea macho. Mlangoni fundi aliondoa mkono ashike mkoba wake. Mumewe akaganda palepale. Fundi aliurudisha upesi. Barabara nzima mtu alipiga soga, akatania, hata akaimba, na mkewe nyuma yake machozi yanamtoka kwa furaha na kwa woga. Kila alipoitwa Kibiriti, aliitika.

Walipokaribia kwao, mumewe alipunguza mwendo.

"Nyumba ile yenye mlango wa bluu," alisema kwa upole. "Usione haya, ndugu yangu. Nitakukutanisha na mke wangu."